Coccinelle inayofufuliwa: motere ya hewa ibaki, ao iwekewe betri?

Wazee wa miji yetu waliitambua kwa sauti kabla ya kuiona. Kwanza mngurumo mkavu, kama cherehani iliyofungwa ndani ya pipa, kisha inatokea kwenye kona: mgongo wa mviringo, taa mbili kama macho ya mtu aliyeshtuka, na pale mbele ulipotarajia motere hakuna kitu isipokuwa gurudumu la akiba na tenki ya esansi. Ni Coccinelle ya Volkswagen. Wajerumani wanaiita Käfer, Wabrazili Fusca, Wamexico Vocho. Ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na hesabu ikafungwa kwenye gari 21.529.464.

Mimi nimezaliwa wakati zilikuwa zimebaki chache. Ninayoikumbuka ni ya jirani yetu, mwalimu wa sekondari, ambaye mtaa mzima tulimwita Baba Mwalimu. Ilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba yake, na kuku walitaga chini yake. Aliiua mwenyewe, na hakuficha: siku moja akipanda kutoka Kamanyola kurudi Bukavu, taa nyekundu iliwaka mbele ya volani. Akafikiri ni mambo ya batri, akasema ataangalia akifika. Hakufika. Tutarudi kwenye taa hiyo, kwani inaeleza karibu kila kitu kuhusu gari hii.

Leo Coccinelle inafufuliwa. Kutoka Ulaya hadi Brazili na Afrika Kusini kuna garaji ambazo kazi yake ni hiyo tu: kuchukua gari iliyolala miaka ishirini chini ya mti, kuivua hadi mifupa, kuiondolea kutu, na kuirudisha barabarani ikiwa na nguvu na usalama ambao haikuzaliwa nao. Lakini kati ya watu wa kazi hiyo kuna mabishano makali. Wengine wanasema motere inayopozwa na hewa ndiyo roho yake, ukiitoa umebaki na jeneza. Wengine wanaitoa bila huruma, wanaweka motere ya umeme na betri. Hapo mabishano hayo yanafika hadi mlangoni kwetu, kwani zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za namna hiyo, zinachimbwa Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga.

Gari isiyokunywa maji

Gari nyingi unazoziona barabarani zinapozwa na maji: kuna radiateri, pampu, mipira ya kupitisha maji, na siku mpira mmoja ukipasuka unamwona dereva akikimbia na kidumu kutafuta mto. Coccinelle haina hata kimoja kati ya hivyo. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na kila moja imezungukwa na mapezi ya chuma. Juu yake kuna ventilateri inayovuta hewa kutoka nje na kuisukuma katikati ya mapezi hayo. Mafuta ya motere nayo, lita 2,5 tu, yanapita katika kipoza-mafuta kidogo na kupulizwa na hewa ileile. Ni hayo tu.

Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kuibuni mwaka 1934, na mkataba ulimtaka atengeneze gari ya bei ndogo kwa watu wa kawaida. Vita vikaingia, kiwanda kikatengeneza gari za jeshi. Aliyekiokoa baada ya vita ni afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, na gari za raia zikaanza kutoka kwa mfululizo mwishoni mwa Desemba 1945. Mwaka 1955 gari ya milioni moja ilikuwa tayari. Tarehe 17 Februari 1972 Coccinelle ilivuka rekodi ya Ford Model T, ikiwa imefikia 15.007.034.

Huko Ubelgiji, kampuni D'Ieteren ilianza kuiuza mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaanza kuiunganisha katika kiwanda cha Forest, mjini Brussels. Basi haishangazi kwamba jina tulilolishika sisi ni la Kifaransa.

Sifa yake katika barabara mbaya haikuja kwa matangazo. Motere iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo katika matope uzito uko pale unapohitajika. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishindwa na Coccinelle mara nne: 1953, 1954, 1957 na 1962. Zilikuwa gari za nguvu kidogo sana. Ile ya mwaka 1954 ilitoka kiwandani na farasi 30, ambazo leo hata pikipiki kubwa inazicheka.

Na ikiharibika, motere nzima imefungwa kwenye sanduku la vitesi kwa bolti nne. Fundi mwenye ufunguo wa 17, jeki na vijana wawili anaishusha chini asubuhi, na mchana inaweza kuwa mezani imefunguliwa. Hakuna kompyuta ya kuchomeka. Wanaofufua Coccinelle leo wanazungumza sana kuhusu rangi na umbo, lakini kwa maoni yangu urahisi huo ndio urithi wa kweli wa gari hii, na ndio unaoweza kupotea katika kufufuliwa.

Taa nyekundu

Ventilateri inazungushwa na mhimili wa dinamo, na dinamo inazungushwa na mkanda mmoja wa mpira. Mkanda ukikatika, dinamo inasimama, taa nyekundu ya chaji inawaka. Katika gari ya maji mara nyingi hiyo inamaanisha batri haichajiwi, na unaweza kujikokota hadi garaji. Katika Coccinelle inamaanisha kwamba ventilateri pia imesimama. Motere haipozwi na kitu chochote. Una dakika chache, na kama uko kwenye mpando wa Ngomo umejaza watu na magunia, labda huna hata hizo.

Ndiyo maana mtu anayefufua Coccinelle kwa akili haanzi na rangi. Anaanza na njia ya hewa. Kuzunguka motere kuna mabati yanayotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini, na ukanda wa mpira unaoziba pembeni. Mafundi wengi wa zamani, wakichoka kuyafungua na kuyafunga, waliyatupa. Motere iliendelea kuwaka, gari iliendelea kutembea, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Lakini tangu siku hiyo ventilateri ilikuwa inavuta hewa moto iliyotoka chini na kuirudisha juu ya silinda, na motere ikawa inajipika polepole.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ulizaliwa kiwandani. Kipoza-mafuta cha zamani kilisimama ndani ya sanduku la ventilateri, juu kabisa ya silinda ya tatu, kikiziba sehemu ya hewa yake. Silinda hiyo ikawa inapata joto kuliko wenzake, na supapu zake ndizo zilikuwa za kwanza kuungua. Volkswagen yenyewe ilirekebisha jambo hilo katika gari za mwaka 1971, ikakisogeza kipoza hicho na kukipa njia yake ya hewa. Leo kuhamisha mpango huo kwenye motere ya zamani ni mojawapo ya maboresho ya maana kabisa, na ukiangalia kwa nje huwezi hata kuyaona.

Kwetu jambo hilo lina uzito zaidi. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya bahari, Butembo iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi: motere ya kawaida inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1.000 unazopanda, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo pia. Motere ya hewa inayofanya kazi vizuri kando ya bahari, hapa inaweza kuwa kwenye mpaka wa uvumilivu wake.

Kutu, na mambo yanayoua

Mwili wa Coccinelle umefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma. Ukiinua mwili ndipo unaona ukweli. Kutu inapenda pembeni mwa sakafu, ndani ya mabomba ya chini ya milango yanayopitisha hewa moto ya kupashia ndani, na zaidi pale batri inapokaa, chini ya kiti cha nyuma. Asidi imedondoka miaka mingi, bati limebaki kama biskuti. Hapo hakuna mastiki wala rangi itakayosaidia; ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Nikiwa hapo kwenye kiti cha nyuma: viti vya zamani vina springi za chuma na jaza la nyuzi kavu, na batri iko chini yake. Abiria mzito akikaa, na kama batri haina kifuniko, springi zinaweza kugusa vichwa vya batri. Cheche, nyuzi kavu, na gari inaungua. Mipira ya esansi iliyozeeka nayo inavujisha juu ya motere yenye moto, na kasha la motere hiyo ni la aloi ya magnesiamu, chuma ambacho kikishika moto maji hayakizimi, yanauchochea. Mipira hiyo ni bei ya chupa chache za soda. Nashangaa kuona watu wanalipa rimu za kung'aa kabla ya kuibadilisha.

Kisha freni. Coccinelle nyingi za zamani zina freni za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Katika mteremko mrefu ngoma zinapata moto na pedali inazama. Freni za diski za mbele zilikuja na gari ya 1500 mwaka 1966, na leo kuziweka kwenye gari ya kabla ya hapo ni kazi inayojulikana. Magurudumu ya nyuma ya zile za zamani yanabembea kama mlango juu ya bawaba. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu la nje linaweza kujikunja chini ya gari na kuipindua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Volkswagen ilianza kuweka ekseli zenye viungo viwili kila upande, na wafufuaji wengi wanazihamisha hizo pia. Mikanda ya usalama siongezi neno.

Umeme wa zamani ulikuwa wa volti 6, taa zake ni kama mishumaa. Kuingia volti 12 si anasa. Badala ya dinamo unaweza kuweka alternateri, na badala ya ile platine ambayo kila fundi wa zamani aliipiga msasa, kifaa kidogo cha elektroniki kinachowasha bujii bila kuchakaa. Motere ya asili ina kichujio cha wavu tu kwa ajili ya mafuta. Kuiongezea kichujio cha kweli kunarefusha maisha yake. Lakini hata baada ya hapo, supapu zinataka kupimwa kila kilomita 5.000 hivi, motere ikiwa baridi, na nafasi ni milimita 0,15. Ni kazi ya saa moja kwa mtu asiye na haraka.

Na nguvu? Hapa ndipo wengi wanapotea. Motere ya 1600 ina pistoni za milimita 85,5. Ukiweka za 87 unapata sentimita za ujazo 1.641 bila kukwaruza kasha, na joto linabaki la kuvumilika. Zipo za 90,5 zinazokupa 1.776, zipo za 94 zinazofika 1.915, lakini hapo lazima kasha litanuliwe kwa mashine. Kila hatua inaongeza joto katika motere ambayo haina kitu cha kuipoza isipokuwa upepo. Kwa barabara zetu na mwinuko wetu, mimi ningesimama kwenye 1.641.

Betri chini ya sakafu

Mwaka 2019 Volkswagen yenyewe iliingia katika mabishano. Katika maonyesho ya Frankfurt ilileta e-Käfer, Coccinelle ya zamani iliyogeuzwa kuwa ya umeme pamoja na kampuni eClassics ya Renningen, karibu na Stuttgart. Motere na gia yake moja zilitoka kwenye gari ndogo mpya ya umeme, e-up!. Moduli 14 za betri zilifichwa kwenye sakafu, jumla kilowati-saa 36,8. Nguvu: kilowati 60, yaani farasi 82. Mwendo wa juu kilomita 150 kwa saa, na safari ya karibu kilomita 200 kwa chaji moja. Uzito wake ukafika kilo 1.280, wakati ya asili ilikuwa na kilo 800 hivi, kwa hiyo shasi na freni zilibidi kuimarishwa.

Sitaki kuidharau. Motere ya umeme haijali kama hewa ya Butembo ni nyepesi. Haina mkanda wa kukatika. Katika mteremko inageuka kuwa dinamo, inarudisha umeme kwenye betri na kupumzisha freni. Fikiria hilo ukishuka Ngomo. Haitoi moshi. Na kwa Goma, ambapo kuna umeme wa maji unaotoka Matebe, huwezi kusema ni ndoto tupu. Shida ni kwamba sehemu kubwa za mashariki hazina hata waya, na kilomita 200 za barabara ya Ujerumani si kilomita 200 za kwetu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine. Gari iliyoanza na volti 6 sasa ina karibu volti 300 chini ya miguu ya abiria. Mtu anayegusa waya usiofaa hapati cheche, anakufa. Betri imefungwa, na programu inayoiongoza imefungwa zaidi. Moduli moja ikiharibika, mwenye gari anamngoja mtu wa kiwanda, mwenye vifaa vya kiwanda. Fundi wa mtaani wa Kadutu ao Katindo, aliyejifunza kwa kutazama mikono ya mjomba wake, hana mahali pa kuanzia.

Na ndani ya sanduku hilo lililofungwa kuna udongo wetu. Si kila betri ina kobalti: zipo za chuma na fosfeti ambazo hazina hata gramu, na zinaongezeka. Lakini betri nyingi zilizowekwa katika gari za zamani zilizogeuzwa ni za familia inayotumia kobalti na nikeli. Kobalti hiyo inachimbwa Kolwezi na pembeni yake, kwa mashine kubwa na pia kwa mikono ya wachimbaji wadogo, inasafirishwa, sehemu kubwa inasafishwa China, kisha inarudi duniani ikiwa betri. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wake ili kuinua bei, na Oktoba mwaka huohuo ikaingiza mfumo wa viwango kwa kila kampuni. Yaani tunajua kuhesabu tani zinazotoka. Kufungua betri inayorudi, hapo bado hatujafundishwa.

Kile kiwanda cha Forest, ambako Wabelgiji walianza kuunganisha Coccinelle mwaka 1954, baadaye kiliingia mikononi mwa Audi, kikaishia kutengeneza gari kubwa za umeme, na Februari 2025 kilifungwa. Sijui kama hilo linathibitisha lolote, ila nililisoma mara mbili.

Ningefanya nini

Kama mtu angenipa leo ile gari ya Baba Mwalimu, kuku na vyote, ningeirudishia motere ya hewa. Mabati yote mahali pake, kipoza-mafuta cha mtindo wa 1971, pistoni za 87, kichujio cha kweli, diski mbele, volti 12, mikanda ya usalama mbele na nyuma, mipira mipya ya esansi kabla ya kitu kingine chochote. Piesi zinapatikana: Mexico na Brazili zilitengeneza gari hii miaka mingi baada ya Ujerumani, na hadi sasa kuna watu wanaendelea kuzimwaga sokoni, nzuri na mbaya. Zitachelewa njiani, hilo tunalijua. Soko letu limezoea Toyota zinazoingia kwa Dar es Salaam na Mombasa, zenye volani upande wa kulia wakati sisi tunapita kulia.

Mwenye gari ya aina hiyo ya pili, ambaye motere yake imekufa kabisa na kasha limepasuka, huyo nisingemkataza umeme. Ningemwomba tu achague betri ambayo fundi wake anaweza kuifungua moduli kwa moduli, na amlipie fundi huyo mafunzo ya volti kubwa kabla hajamlipa mpaka-rangi.

Baba Mwalimu alihama zamani, na gari iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mkanda ule unabadilishwa barabarani kwa dakika kumi: ufunguo wa 21 kwenye nati ya puli ya dinamo, turunevisi moja ya kuizuia isizunguke, unatoa nusu ya puli, unavisha mkanda mpya, unafunga. Kwenye kapo ya mbele, kando ya gurudumu la akiba, kuna nafasi ya kutosha ya kuweka mkanda wa pili.